Bwawa Juu ya Makumbi

Duka la kuchapisha la Kilindoni lilijaa hadi mlangoni, kila mtu na haraka zake, na Chiku ndiye aliyewachelewesha wote. Mchoraji huyu kutoka Tanga, gauni la manjano limelowa jasho mgongoni, alikuwa akilizungusha kwenye kompyuta bwawa la kuogelea la hoteli moja ya kijiji cha Utende: maji ya buluu, ngazi, ukingo wa kumwagia maji kuelekea ufukweni.

"Dada, humo mna papa?" sauti ikamwuliza begani.

"Mna wambea tu, kaka."

Ndivyo alivyompata Mfaume, nahodha wa boti ya hifadhi ya bahari, mzaliwa wa Utende. Wiki ileile akamshikia tepu, wakaupima ufuko wa hoteli huku wakichekeana kama hawana kazi. Kwenye tope kulikuwa na mafungu ya mawe. Chiku aliona yanamchafulia mchoro, akayafuta. Kwenye programu ile, ukitoboa bwawa, kila kilichopo hapo hupotea. Raha iliyoje!

Lakini Utende nzima inajua: chini ya mawe yale wanawake hufukia makumbi ya nazi miezi na miezi, yalainike, wasokote kamba. Fungu kubwa lilikuwa la Bi Biubwa, mama yake Mfaume. Mchoro ulipobandikwa ofisi ya kijiji, simu ya Chiku ikalia.

"Umemfuta mama yangu, Chiku."

"Mpenzi, nimefuta mawe."

"Watu wanasema nilishika tepu ili nimuuze mama. Na wewe ulijua."

"Nilijulia wapi? Si ulikuwepo? Mbona hukusema?"

Simu ikakatwa.

Siku tatu Chiku hakutulia. Akae, asimame, apige, haipokelewi. Hasira zilimpanda: mtu anajua mashimo ya mamake, ananyamaza! Halafu zikamgeukia mwenyewe, maana naye hakuuliza. Alimpenda mwanamume yule, na kumkosa kulimuuma kweli. Akachora upya, kila shimo mahali pake, bwawa likarudi nyuma ya hoteli. Ramani akaipeleka kijijini na hifadhini. Mwenye hoteli akamfukuza kazi.

Maji yalipokupwa akashuka ufukweni. Mfaume na mamake walikuwa wakifukua makumbi, harufu inakaba koo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Bi Biubwa bila kuinua uso.

"Mashimo yote yamo kwenye ramani. Kijiji na hifadhi wameipitisha, hapa hapachimbwi tena. Nimekuja kuaga, boti yangu ni saa kumi."

Mfaume akasimama, tope hadi magotini. "Nilinyamaza kwa sababu hapa kila mtu anajua. Nilikuzoea upesi, Chiku, nikasahau wewe mgeni. Nisamehe."

Chiku akajifuta machozi.

"Mwanangu, kwenu Tanga mtaa gani?" Bi Biubwa aliuliza.

"Chumbageni, mama. Kwa nini?"

"Nijue posa naipeleka wapi. Huyu kusema mawe ni ya nini kumemshinda. Hilo la kuoa atalisema lini?"

Mfaume akainamisha kichwa. Chiku akavua viatu, akaingia topeni.