Mstari wa Tatu

Kitu cha kwanza kilichokaa vibaya kilikuwa joto. Ile mashine ya gemu ilikuwa imefungiwa stoo miaka ishirini na miwili, ikiliwa na vumbi na panya, lakini Fundi alipoishika fimbo yake ya kuongozea aliikuta na uvuguvugu, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Akaiachia. Akajipangusa kiganja kwenye suruali, akajiambia ni jua la njiani.

"Shemeji, usiniambie unaitaka kweli," alisema kaka wa mkewe, aliyeileta kwa mkokoteni kutoka kwenye ukumbi wa michezo uliokuwa ukibomolewa. "Mbao zimevimba, kioo kina ukungu. Hizi ni kuni, si mashine."

"Kuni za kwenu. Niachie hapo."

Fundi alitengeneza redio na televisheni, na alikuwa na subira hadi kuudhi watu. Chumba cha nyuma kilikuwa chake. Cha mbele kilikuwa cha mkewe, mshonaji, na kutwa nzima walitaniana kupitia mlango usio na pazia. Mke ndiye aliyeuliza lile swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza.

"Siku hizi watoto wana gemu mia kwenye simu. Nani atakuja kusimama mbele ya kabati hili?"

"Kaka yangu alisimama hapa."

Kaka huyo wa mumewe, mke alimjua kwa masimulizi tu. Alikufa ana miaka kumi na saba, kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua jina, na mama yao kwa uchungu akachoma vitu vyake vyote, hata madaftari ya shule. Lakini bodi ya mashine ilikuwa na betri ndogo iliyotunza orodha ya wachezaji kumi bora, kila mmoja kwa herufi tatu za jina lake na alama alizopata. Siku ya nne, Fundi alipokwisha kubadilisha fyuzi na nyaya zilizotafunwa, kioo kiliguna, kikawaka kijani, na kwenye mstari wa tatu zikatokea herufi za kaka. Fundi alilia waziwazi, bisibisi mkononi.

"Basi itengeneze," mkewe alisema, naye akijifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Kisha, ili amchekeshe, akaishika fimbo. "Hebu tuwaone hawa mabingwa wenu."

Akamwongoza ndege mdogo kati ya mawe yaliyodondoka kutoka juu, akipiga kelele kila alipoponea chupuchupu. Bahati ya mgeni ikambeba hadi mstari wa kumi. Akaandika herufi zake tatu kwa maringo, akarudi kwenye cherehani yake.

Fundi alikuwa na sharti moja la kazi: hagusi kumbukumbu ya kifaa kabla ya kuandika kila ilichotunza. Akachukua daftari lake, akanakili mistari yote kumi. Ndipo akaigeukia betri, iliyokuwa imeanza kuvuja. Fundi mwingine angeing'oa tu, orodha ikafutika, kazi ikaisha. Yeye alilehemu mpya kando ya ile kuukuu kwanza, halafu ndipo akaitoa kuukuu, umeme usikatike hata nukta moja. Alijisifu sana kwa ustadi ule. Laiti siku hiyo angekuwa mzembe!

Kesho yake saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani, akasikia tak, tak-tak. Fimbo ilikuwa ikienda yenyewe: kushoto, kushoto, kulia. Kioo kilikuwa kimewaka, na waya wa umeme ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Chumba kilinuka jasho la mtu mwenye homa.

"Aa, jamani!" mkewe akalalamika kule mbele. "Mshono wote umepinda. Mkono umeniponyoka."

Fundi akasimama mlangoni, mahali ambapo aliweza kuviona vyumba vyote viwili, na akaona fimbo ikivutwa kushoto na kiwiko cha mkewe kikivutwa kushoto, fimbo ikienda kulia na vidole vyake vikienda kulia pamoja na kitambaa na sindano ikidunda juu yake, na aliijua ile mishtuko, aliiona alipokuwa mdogo akilala godoro moja na kaka yake, mkono wa kaka ukirukaruka juu ya shuka, kushoto, kushoto, kulia, siku hadi siku hadi ulipotulia kabisa, na wakubwa wasijue ni ugonjwa gani. Akageuka kutazama kioo. Kwenye mstari wa kumi, alama za mkewe zilikuwa zikipanda.

Alikata nyaya, akaiburuta mashine hadi uani, akaifunika turubai. Fimbo iliendelea kugonga chini ya turubai. Siku ya tatu mkewe hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano, na mashavu yalikuwa yamemshuka.

"Usiniambie ni uchovu," alinong'ona. "Kuna mtu ameushika mkono wangu. Nasikia vidole vyake, mume wangu. Ni vya baridi."

"Nitamtoa."

"Mtoe basi. Usiniache nife kama kaka yako."

Akamleta kinyozi wa mtaa wa pili, aliyerithi uganga kwa baba yake bila kuupenda. Kinyozi alisimama mbali na turubai, pua ameiziba kwa kola ya shati, akasoma dua zake kwa sauti ya chini mpaka jasho likamtiririka.

"Jini huyu hana nyumba ila orodha," alisema mwisho. "Anayeandika jina humo amempa mkono. Iue, atatoka. Lakini iue kila ilipoandikwa. Kuna pengine?"

Fundi alilikumbuka daftari kwenye droo. Alikumbuka pia kwamba duniani pote hakukuwa na alama nyingine ya kaka yake ila ule mstari wa tatu, na roho ikamuuma.

"Hakuna," akasema.

Akaing'oa betri kwa koleo. Mashine ikatoa sauti ndefu ya mtoto anayenyang'anywa kitu, kioo kikazima, ile harufu ikakata. Mke akaukunja mkono wake, akaukunjua, akacheka huku analia. Shemeji aliipasua mashine kwa shoka siku ileile, na hakuacha kujisifu kwamba kuni alizisema yeye tangu mwanzo.

Wiki tatu zikapita, cherehani ikiimba kama zamani. Mchana mmoja, hamu ya kaka ilipomzidi, Fundi akavuta droo, akafungua daftari. Mstari wa tatu ulikuwa palepale. Akaupitisha kidole taratibu, kisha jicho likashuka lenyewe hadi wa kumi. Mwandiko ulikuwa wake, wino ulikuwa wake, lakini tarakimu hizo hakuziandika yeye. Zilikuwa kubwa mno, na ya mwisho ilikuwa bado mbichi.

Cherehani ikanyamaza.

"Mume wangu," mkewe aliita kwa sauti ndogo. "Hebu njoo. Mkono."

"Nakuja!" Akalitupa daftari sakafuni, akapapasa kiberiti, akawasha njiti akiwa amepiga magoti. Kwaheri, kaka, alisema moyoni, na safari hii alimaanisha. Akaushusha moto kwenye karatasi.

Mkono wake, ule alioandikia orodha, ukavutwa kushoto. Akaurudisha kwa nguvu. Ukavutwa tena kushoto, kisha kulia, na njiti ikazimika. Akawasha ya pili, ikazimika vilevile. Chumba kikaanza kunuka jasho.

"Mume wangu, unakuja?"

Kiberiti kilikuwa kimebaki na njiti nne.