Kelele Kutoka kwa Waitara

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mokami alikuwa akichota maji, akifagia ua na kumpelekea bibi yake uji. Kazi ya mwisho ilikuwa nyepesi kuliko zote. Aliingia sebuleni, akafuta vumbi, akabonyeza swichi ya ukutani ili simu ya baba yake ipate chaji. Baba yake, Waitara, alilinda karasha ya kusagia mawe ya dhahabu usiku, na kila alipofika nyumbani simu ilikuwa imezima. Swichi ile ilipobonyezwa, taa ndogo nyekundu iliwaka nyuma ya televisheni. Hakuna aliyejali taa hiyo.

Ilikuwa taa ya busta, kile kifaa cha kuongezea nguvu antena ya zamani. Antena yenyewe ilikuwa uani, juu ya mlingoti mrefu kuliko nyumba zote za upande ule wa kijiji cha Kerende. Waitara alikuwa mtu wa kwanza pale kununua televisheni, na siku za mpira watu walijaa uani mpaka kuku wakakosa pa kupita. Mitambo ya zamani ya televisheni ilipozimwa nchi nzima, alinunua king'amuzi na dishi kama wengine. Mlingoti ulibaki palepale. "Huu mtu asiuguse," alisema, na Waitara akisema jambo, nyumbani kwake haliulizwi mara ya pili.

Shuleni kwao Mokami kulikuwa na jambo la ajabu. Mwalimu wa hesabu alikuwa amehamishwa, na darasa la saba lilikaa muda mrefu bila mwalimu. Kisha shule ikachaguliwa kwa majaribio ya intaneti mpya. Tangu hapo, Mwalimu Shamsudin alifundisha akiwa mji wa Mugumu, huku sura yake ikionekana kwa projekta ukutani Kerende. Alifundisha hesabu za sehemu kwa kugawa mbuzi wa sherehe, na aliyekosea aliambiwa, "Hapo mjomba wako amekosa paja, rudia!" Watoto waliokuwa wakikimbia hesabu sasa waligombea viti vya mbele. Mokami aliyapenda masomo yale kuliko chakula.

Lakini tangu mvua kubwa ziliponyesha, picha ilianza kukwama. Mwalimu Shamsudin aliganda ukutani mdomo wazi, sauti ikakatika, na mbuzi akabaki hajagawanywa.

Asubuhi moja mwalimu mkuu, Mwalimu Eunice, aliingia darasani na mwanamke kijana aliyejitanda mtandio wa bluu. Begani alibeba mkoba, na mkononi alishika antena yenye miiba mingi kama mfupa wa samaki.

"Huyu ni fundi Zuleha, ametoka Tarime mjini," alisema Mwalimu Eunice. "Kuna kitu kinavuruga intaneti yetu. Kisipopatikana leo, mtambo huu wa majaribio unahamishiwa shule ya Natta. Wenzetu kule nao hawana mwalimu."

Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia.

"Mokami," mwalimu aliendelea, "wewe unayajua mapito yote ya hapa. Mwongoze dada."

Walipotoka nje, Mokami hakuweza kujizuia. "Dada Zuleha, intaneti inapita wapi? Mbona hatuioni?"

Zuleha alicheka. "Inapita hewani, kwenye njia zinazoitwa masafa. Televisheni za zamani zilitembea kama ng'ombe waliojaza barabara nzima. Ulipokuja mtambo wa kidijitali, ng'ombe wale wakapangwa msururu mmoja, upande mmoja wa barabara ukabaki wazi. Serikali ikasema, hapo ipite intaneti. Na njia ile ni nzuri sana. Inafika mbali na inapenya kuta, ndiyo maana inafaa vijijini."

Mokami aliitazama anga, akaona fahari kama vile barabara ile ilijengwa kwa ajili ya kijiji chake. Pale pale aliamua kwamba akikua atakuwa fundi kama Zuleha.

Zuleha aligeuza antena polepole. Kifaa kilichokuwa mkobani kilivuma kidogo, kisha kikavuma kwa nguvu. "Kelele inatoka upande ule," alisema. "Nadhani ni antena ya zamani yenye busta iliyoingia maji. Busta mbovu haisikilizi tena, inapiga kelele njiani. Kwenu kuna mtu mwenye busta yenye taa nyekundu?"

Antena ilikuwa imeelekea nyumbani kwa akina Mokami.

Mokami alikumbuka taa, swichi, na kidole chake kila asubuhi. Alimkumbuka baba na katazo lake. Tena asubuhi ile Matiko, rafiki yake wa dawati moja, alikuwa amesema kwamba mwenye kuvuruga mtambo atapelekwa polisi. "Sijui, dada," alijibu, macho chini.

Zuleha alirudi ofisini kuchukua betri nyingine. Mokami alibaki peke yake kwenye uwanja wa mpira, akitafuta namna ya kuizuia antena ile isiende kwao. Hapo akapita Nikodemo, mchimbaji aliyejulikana kwa kuchimba popote alipoambiwa pana dhahabu, sururu begani.

"We mtoto, yule dada anapima nini na ile detekta ya madini?"

Mokami aliona pa kuponea. "Dhahabu," alisema. "Imelia hapa uwanjani."

Alifikiri watu watamzunguka fundi, watamsumbua kidogo, naye atachoka aende zake. Hakuwajua vizuri watu wa kwao. Zuleha aliporudi, uwanja ulikuwa umejaa sururu, makarai na kelele. Goli moja lilikuwa limeshaanguka.

"Jamani, mimi sitafuti dhahabu!" Zuleha alipaza sauti. "Natafuta kinachovuruga intaneti!"

"Kila anayepima husema hivyohivyo," alijibu Nikodemo bila kuinua kichwa.

Mwalimu Eunice aliwasihi, hawakusikia. Kila Zuleha alipohama, walihamia naye, na aliposimama tu kufunga kamba ya kiatu, shimo lilianza. Mwishowe alisema kwa huzuni, "Mwalimu, siwezi kupima katikati ya watu wote hawa. Nitaandika kwamba nimeshindwa." Mokami alisikia. Badala ya kupata nafuu, aliona aibu.

Zuleha aliinua antena mara ya mwisho. Kifaa kilivuma. Nikodemo alifuata kwa macho mahali ilipoelekea, akauona mlingoti mrefu nyuma ya miti.

"Kwa Waitara!" alipiga kelele. "Kumbe mzee ameusimika juu ya mwamba wenyewe wa dhahabu! Ndiyo maana hataki uguswe!"

Kundi lote lilitimua mbio. Mokami alikimbia nyuma yao akilia, naye Zuleha akafuata na kifaa chake.

Alipofika, mitaimbo ilikuwa imeshalegeza udongo kwenye shina la mlingoti. Bibi yake alikuwa ameketi kwenye ngozi yake, anapembua mtama, akiwauliza wamepotelewa na nini. Mlingoti uliyumba, ukainama upande aliokaa bibi. Waitara alitoka ndani akiwa na usingizi machoni, akaukumbatia mlingoti kwa mikono yote miwili.

"Acheni!" Mokami alipiga kelele. "Hakuna dhahabu! Nimewadanganya!"

Mitaimbo ilisimama. Watu wote walimgeukia, lakini aliendelea. "Fundi anatafuta busta. Ni ya kwetu. Mimi ndiye ninayeiwasha kila asubuhi. Niliogopa baba atapelekwa polisi, nikasema ni dhahabu."

Alikimbia ndani, akachomoa waya wa busta. Nje, kifaa cha Zuleha kilinyamaza. Akauchomeka tena, kikavuma. Akauchomoa, kikanyamaza.

"Hiyo ndiyo yenyewe!" Zuleha alisema, na uso wake ukang'aa.

Nikodemo alilitazama shimo, akautazama umati, akajikuna kisogo. "Basi leo nimechimba kelele," alisema. Watu waliangua kicheko, hata bibi. Kisha wakaanza kufukia, na Nikodemo akaahidi kulisimamisha goli la shule kwa mikono yake.

Mokami hakucheka. Alisimama mbele ya baba yake, akisubiri.

Waitara aliulaza mlingoti chini polepole, kama mtu anayemlaza mgonjwa. Alifuta kutu kwenye antena kwa kiganja. "Nilikuwa naupenda mlingoti huu," alisema. "Watu wa hapa waliiona dunia kwa mara ya kwanza kupitia kwangu."

"Na sasa wataiona tena, mzee," Zuleha alimwambia. "Njia iliyokuwa ya televisheni yako ndiyo hiyo wanayosomea watoto. Na hakuna polisi hapa, hukujua."

Waitara alitikisa kichwa taratibu, kisha akamwinamia binti yake. "Mwanangu, nilikukataza kuugusa mlingoti. Sikukukataza kuniambia. Ungesema mapema, tungechomoa waya mmoja tu tukamaliza. Umeuficha ukweli, ona sasa, nusura bibi yako aumie na shule nzima ikose mwalimu. Ukiniogopa, niogope, lakini njoo uniambie hivyohivyo ukiwa na hofu yako. Kama ulivyofanya sasa hivi mbele ya watu wote. Hapo umenipa heshima kuliko mlingoti."

Mokami alimkumbatia akalia, safari hii kwa nafuu.

Mchana ule Mwalimu Shamsudin alitokea ukutani, sura safi, sauti haikatiki. "Kerende, mnanisikia?"

"Tunakusikia!" darasa liliitikia.

"Haya, mbuzi wetu bado anasubiri. Nani atamgawa?"

Mokami aliinua mkono. Alipokuwa akielekea ubaoni aliona mtu amesimama dirishani, kofia mkononi. Alikuwa baba yake, ambaye saa ile alipaswa kuwa amelala, akiitazama televisheni mpya ya kijiji.