Gitaa la Mvinje wa Makaburini

Kasoro ya kwanza ya gitaa lile ni kwamba halikuwa na kasoro.

Leandro Baeza alikuwa amecheza nyuzi za chuma tangu ana ndevu tatu kidevuni. Hakuna sherehe ya kijiji pande za Guadix ambayo hakuipigia, na kipande chake cha plastiki cha kuchapia nyuzi hakikupumzika mpaka wazee wamechoka kucheza. Sasa vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeanza kuvimba kwenye viungo. Daktari hakummung'unyia maneno: ahamie nyuzi laini za nailoni, au aache kabisa. Kuacha hakungewezekana, kwani kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuwahi kuitamani.

Basi akamchukua mkewe Casilda na binti yao Nieves, mtoto wa miaka saba, wakaenda kwa fundi Evaristo, ambaye magitaa yake hayamfilisi mtu. Leandro alijaribu la kwanza, akakunja uso.

"Hii si shingo, fundi. Ni meza ya kupigia pasi."

"Shingo za magitaa ya nailoni ndivyo zilivyo, bwana. Wewe umezoea shingo za kuku."

La pili lilikuwa na shingo nyembamba kidogo, lakini sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi. La tatu lilitundikwa nyuma ya mlango, jepesi, rangi ya mkate usioiva vizuri. Leandro alipolishika, shingo yake ilimkaa kiganjani kana kwamba alipimwa na fundi nguo. Akauliza bei, akadhani amesikia vibaya.

"Mbona rahisi hivi?"

"Ubao wa bure," Evaristo alisema. "Mvinje wa makaburini. Mizizi ilianza kuinua mawe ya watu, wakaukata. Wafu hawakunitoza kitu."

Wakacheka. Casilda naye akalishika kwa mzaha, akashangaa kuona linamkaa hata yeye mwenye vidole vifupi. Kisha Nieves akalipakata, na vidole vyake vidogo vikaizunguka ile shingo vikakutana upande wa pili.

"Baba, hili ni langu," alisema.

Leandro aliliona jambo hilo. Shingo inayomtosha mwanamume mwenye viganja kama sepetu haiwezi kumtosha mtoto wa miaka saba. Aliliona vizuri kabisa, ila kipenda roho hula nyama mbichi. Akalipa, wakaondoka.

Nyumba yao ilichongwa ndani ya kilima, kama za majirani zao, na mwezi wa Agosti watu wote hula wakalala mpaka jua lipoe. Siku ile baada ya chakula, mtaa mzima ukiwa kimya, Leandro alisikia uzi mmoja ukilia. Ule mnene, wa juu. Ulilia ukanyamaza, na chumba kikajaa harufu ya utomvu na ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, ilhali mvua ilikuwa haijaonekana tangu masika.

"Umesikia?" alimnong'oneza mkewe.

"Panya."

"Panya gani anayepiga gitaa, Casilda?"

Casilda alikuwa amemshika mumewe mkono, na kucha zake zilimwingia nyamani. Gitaa lilikuwa limeegemea kiti palepale lilipoachwa, na uzi ulikuwa bado unatetemeka.

Toka hapo likawa jambo la kila mchana. Wakiamka wanakuta kitanda cha Nieves kitupu, na mtoto amekaa chumba cha nyuma kabisa, kule kusikoingia jua, amelipakata gitaa gizani, anapiga wimbo wa taratibu ambao hakuna mtu aliyemfundisha. Kucha za mkono wake wa kulia zilikuwa ndefu, za manjano, ngumu kama za mpiga gitaa mzee. Casilda alizikata huku machozi yanamtoka, na mchana uliofuata zilikuwepo tena.

"Nani amekufundisha wimbo huo, mwanangu?"

"Yule wa chini."

"Chini wapi?"

Nieves aliinamisha uso kwenye tundu la gitaa, akasikiliza, kisha akasema kwa upole, "Amesema nisiseme." Mikono yake ilikuwa ya baridi, na siku zile alikuwa anaongea maneno machache zaidi kila kulipokucha, huku gitaa likizidi kupata sauti.

Leandro alilipokonya. Alipolishika shingo, aliikuta imesinyaa. Vidole vyake vilipandana, havikupata pa kukaa. Shingo ile sasa ilimtosha mtoto tu. Alidhani alikwenda kwa Evaristo kuchagua, kumbe wao watatu ndio waliopangwa mstari wakachaguliwa. Alilibeba akaenda kulitupa bondeni, lakini hajafika mbali Casilda akamfuata mbio, peku, anaita kwamba mtoto ameacha kupumua. Akalirudisha. Gitaa lilipovuka kizingiti, Nieves akavuta pumzi.

Ndipo wakamwita Shangazi Angustias, bibi wa mtaani anayeondoa kijicho. Alidondosha mafuta ya zeituni kwenye bakuli la maji. Mafuta hayakuelea, yalizama mpaka chini, yakatulia huko kama jicho. Yule bibi akajifanyia ishara ya msalaba.

"Ulikuwa unacheza nyuzi gani zamani, mwanangu?"

"Za chuma."

"Unaona basi. Majini hayapatani na chuma. Miaka yote hiyo umeilinda nyumba yako na hujui. Ulipokiweka chuma chini, mlango ukafunguka." Akashusha sauti. "Livalishe chuma. Kaza mpaka livunjike. Na ushike waya mmoja wa chuma mkononi, usiuachie mpaka nikwambie mimi. Usikie utakachosikia."

Hakuna mpiga gitaa asiyejua, hata mlevi, kwamba gitaa la nailoni halivalishwi nyuzi za chuma. Chuma huvuta kwa nguvu mpaka hung'oa kidaraja, kile kijiti kinachoshika nyuzi tumboni. Ni ujinga wa wanaoanza, na Leandro alitakiwa kuufanya kwa makusudi, huku mwanawe amelala chumba cha pili mikononi mwa mama yake.

Alilivalisha gitaa nyuzi za chuma, akazungusha waya mmoja wa akiba kiganjani, akaanza kukaza vigingi.

Alikaza cha kwanza gitaa likaguna, akakaza cha pili na kule chumbani Nieves akapiga kelele, akaita baba, baba unanivunja, mama mwambie aache, na Casilda akalia kwamba mtoto anatoka damu puani, na harufu ya udongo ikajaa nyumba nzima hata taa ikapepea, na jasho likamwingia Leandro machoni, na kila alipozungusha kigingi kile kilio kilipanda pamoja na uzi, kidogo kidogo, sauti moja na uzi, mpaka hakujua tena kama anakaza waya au anamkaza mwanawe.

"Shangazi, atakufa!"

"Ukiacha sasa ndiyo utamuua. Kaza!"

Akakaza. Kidaraja kikang'oka, kikalia kama mfupa unaovunjika, na kile kilio kikakatika. Kisha ikaja kutoka chumbani sauti ndogo, ya kawaida, ya mtoto aliyetoka usingizini.

"Baba?"

Leandro alibwaga kila kitu akakimbia. Nyuma yake Angustias alikuwa anapiga kelele, "Waya! Leandro, waya!" lakini miguu ya mzazi haingoji ruhusa.

Nieves alikuwa ameketi kitandani. Kucha zake zilikuwa fupi, za waridi, na macho yalikuwa ya kwake.

"Nina njaa," alisema, na Casilda akacheka na kulia kwa pamoja.

Angustias alivichoma vipande vya gitaa uani mpaka vikawa majivu. Alipokaribishwa kahawa alikataa, akamtazama Leandro kwa muda, akateremka kilima bila kuaga.

Wakakaa mezani, mkate kwa mafuta na sukari. Nieves alikula kama aliyetoka jela.

"Mama, yule wa chini alilia sana."

"Usimtaje huyo."

"Alikuwa anaogopa. Hakutaka kurudi gizani. Akaniuliza aende wapi, nikamwambia aende kwa baba. Baba ni mkubwa, haogopi kitu."

Casilda aligeuka akamtazama mumewe. Leandro akacheka, akapiga tumbo lake kwa mkono wa kushoto, akasema humu mna dengu na mvinyo, atakayeingia itabidi asimame. Nieves akacheka mpaka akapaliwa. Baada ya kitambo Casilda naye akacheka.

Mkono wa kulia wa Leandro ulikuwa chini ya meza. Vidole vyake vinne vilikuwa vinagonga paja lake, kimoja baada ya kingine, taratibu, naye hakuwa amevituma. Vilikuwa vya baridi. Alijua kwamba Angustias hajafika mbali, kwamba akiitwa tu atageuka na kurudi. Lakini alimtazama binti yake anavyolamba sukari vidoleni, akajiuliza yule wa chini akifukuzwa hapa ataenda kutafuta nyumba wapi, na hofu ikamshika kuliko wakati wowote wa mchana ule.

"Kula, mwanangu," alimwambia, na chini ya meza akaubana ule mkono kwa magoti yote mawili.