Amri Isiyorudiwa

"Treni namba saba. Jaribu breki, subiri ishara."

Sauti ya mwongoza treni iliingia kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa Kobe. Yeye alikuwa jukwaani, kainama na ufagio, sare ya mfagiaji imembana mabega. Chini ya sare, bastola ya Beretta.

"Sawa, bosi," dereva akajibu.

Kobe aliacha kufagia.

Dereva wa kweli hasemi sawa. Kanuni za taifa za usalama wa reli za mjini zinamtaka airudie amri neno kwa neno, aliyetoa ajue imefika. Madereva wamezizoea mno hata wakitumwa chumvi na wake zao hurudia.

Akabonyeza kifungo cha shati.

"Shangazi, mtu wao yuko chumba cha dereva."

"Una hakika?" Shangazi akauliza. Ndivyo majasusi wote walivyomwita mkuu wa idara yao.

"Hajui kurudia amri."

"Basi ndiye. Ile kampuni ya nje tuliyozikataa treni zake kwa breki mbovu inataka hii ipinduke, kanuni zetu zionekane upuuzi. Ataua breki, aruke konani, awaache abiria. Mzuie. Na Kobe..."

"Nasikia."

"Usimwangalie mtoto."

Alikwisha kumwangalia. Behewa la pili, sare ya shule, kitabu mapajani. Ni binti yake; alimwacha akitambaa, ili maadui zake wasijue ana mtoto. Tangu hapo alimjua kwa picha tu, na alimkumbuka kila alipokula peke yake, yaani kila siku.

Milango ikalia.

Kobe akausukuma ufagio katikati ya mlango wa behewa la pili. Mlango ukagoma. Kwa kanuni zilezile, mlango usipojifunga treni haisogei.

Akakimbilia mbele.

Mlango wa dereva ulifunguliwa kwa hasira. "We mzee, toa takataka zako..."

Hakumaliza. Kiwiko kilimkuta tumboni, kitako cha Beretta kisogoni. Akalala. Dereva halisi alikuwa nyuma ya kiti, kafungwa mikono na mdomo, macho yamemtoka. Kobe alimfungua, akamfunga yule wa uongo kwa kamba zilezile, kisha akang'oa kidude cha rimoti kwenye mfumo wa breki.

"Treni namba saba," redio ikarudia. "Jaribu breki, subiri ishara."

"Jaribu breki, subiri ishara," dereva akaitika, neno kwa neno.

Kobe akaurudia ufagio wake. Binti yake alikuwa ameushika mlangoni.

"Shikamoo. Huu wako?"

Alikuwa na paji la uso la mama yake. Maneno ya miaka yote yalimjaa Kobe kifuani, yakasongamana.

"Marahaba," akasema. Akaupokea.

Milango ikajifunga. Treni ikaondoka polepole, breki zake zikiwa nzima.

"Kobe," Shangazi akaita. "Ulimwangalia?"

"Alinisalimia."



"Ukamwambia nini?"

"Nilimwitikia."

Akauegemeza ufagio ukutani, akavua sare, akaitia pipani. Akapanda ngazi mikono mfukoni, taratibu, kama mtu asiye na mahali pa kuwahi.