Mji wa Katikati

Kila alipotoka shule, msichana waliyemwita Profesa alikuwa akimsomea babu yake gazeti. Babu ndiye aliyempa jina hilo, maana kila swali alikuwa na jibu lake papo hapo, na jina lenyewe lilimvimbisha kichwa kidogo.

Alasiri hiyo hapakuwa na wa kusomewa. Babu alikuwa amefariki alfajiri. Baba, macho mekundu, aliketi sebuleni na majirani.

"Dada yangu analia tu kwenye simu," alisema. "Nimeambulia kwamba ndege yake inaondoka saa sita usiku, kisha akakata. Profesa, kutoka kule anakoishi hadi huku ni mwendo gani?"

Profesa alifungua atlasi, akaweka rula kati ya miji miwili. Kilomita elfu saba na mia mbili. Ndege huenda kama mia tisa kwa saa.

"Ni mwendo wa saa nane, Baba. Asubuhi atakuwa hapa."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

"Basi tutazika kesho saa sita mchana," Baba aliwaambia majirani, nao wakaondoka kupeleka habari.

Profesa akaenda kumsaidia Mama kutandika kitanda cha mgeni.

"Maskini wifi yangu," Mama alisema, "safari ile inachosha! Hakuna ndege ya moja kwa moja. Safari iliyopita alishinda kutwa nzima katika mji wa katikati akingoja ndege ya pili."

Mto ulimponyoka Profesa mikononi. Rula haikumwambia habari za mji wa katikati, naye hakuuliza. Akinyamaza, nani atamlaumu? Watasema ndege imechelewa. Lakini Shangazi angefika na kukuta udongo mbichi wa kaburi.

Alirudi sebuleni.

"Baba, sikuwa na hakika. Nilipima ramani tu. Kuna ndege ya pili."

Baba alichukua simu. Alipiga, akapiga tena, hadi Shangazi alipopokea akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Angefika kesho jioni.

"Tutakungoja," Baba alimwambia. Kisha akawapigia watu mmoja mmoja, akiomba radhi kwamba mazishi yamesogezwa hadi keshokutwa. Profesa alisimama palepale akisikia kila neno, uso ukimwaka kwa aibu.

Asubuhi ya mazishi Shangazi aliingia peke yake alikolazwa baba yake. Alikaa kitambo. Alipotoka, machozi yalikuwa yamekauka.

"Nimemuaga," alisema.

Baba alimshika Profesa bega. "Hesabu yako haikuwa na kosa, mwanangu. Kosa lilikuwa kusema una hakika, na huna. 'Sijui, ngoja niulize' haimshushi mtu hadhi. Ila juzi ulisema kweli ilipokuwa chungu, tena mapema. Ingechelewa, nisingekuwa na la kumwambia dada yangu."

 Profesa alikwenda akamshika Shangazi mkono, wakalifuata jeneza pamoja.