Mkono Ulioshika Kamera

Siku ya tamasha la utamaduni mjini Meru, uwanja ulifurika hadi watu wakapanda juu ya ukuta. Wachezaji kutoka Laare walikuwa jukwaani na njuga miguuni, mbao zikitikisika chini yao, na Mutembei alikuwa amechuchumaa mbele kabisa, kamera usoni. Ngoma ilipopamba moto, akajisahau akasimama.

"Kaka! Wewe wa jaketi lenye mifuko kama duka! Hebu keti. Sikutoka Embu kuja kutazama mgongo wako."

Watu wakaangua kicheko. Mutembei akageuka. Nyuma yake alisimama msichana aliyevaa gauni la kitenge la kijani na raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa udongo. Kilemba chake kilikuwa kimeegemea upande mmoja, kama cha mtu anayetafuta ugomvi.

"Pole, dada. Niko kazini."

"Hata mimi niko kazini. Baada ya hawa, sisi ndio tunaingia. Ukisimama hivyo nitakuruka nikipanda jukwaani."

"Basi nitapiga picha ukiniruka."

"Thubutu!"

Jina lake lilikuwa Ruguru. Siku za kazi aliuza dawa katika duka moja mjini Embu. Wikendi aliigiza na kucheza na kikundi chao, mdogo wake Nyamu akiwapigia ngoma. Mutembei alilipwa kupiga picha za tamasha, lakini kamera yake ilirudi nyumbani imejaa Ruguru. Jioni alimtumia chache, na simu ikalia papo hapo.

"Aki, mbona nimetoka mrembo hivi? Umetia dawa gani?"

"Si wewe ndiye unauza dawa?"

Wakacheka, na tangu jioni hiyo simu zao hazikupoa. Nyamu alimtania Mutembei kila walipokutana: "Shemeji, simu ya dadangu siku hizi inachoma kama pasi. Ikilipuka utatununulia nyingine?"

Mutembei alikula kwa picha za harusi na mahafali, lakini moyo wake ulikuwa barabarani. Alimpiga picha mama wa viazi kutoka Kibirichia akipuliza vidole asubuhi ya baridi. Akampiga fundi wa viatu aliyelala ameshika nyundo, na waigizaji wakila mandazi nyuma ya pazia. Ruguru alipenda kutembea naye, Meru au Embu, akimtazama anavyotazama.

"Mji haujui kama ni mzuri," Mutembei alimwambia. "Lazima mtu auambie."

"Na mimi je?"

"Wewe nikikuona, sioni mwingine."

Maneno hayo yalimfurahisha Ruguru. Akayabeba hadi Embu kama mtu aliyebeba yai.

Kisha, asubuhi moja ya mvua, simu ikalia.

"Mutembei, Nyamu ameenda."

"Ameenda wapi?"

Akasikia kilio, na nyuma yake sauti za wanawake.

"Lori, Mutembei. Alikuwa kwenye pikipiki. Hakufika hata hospitali." Akavuta pumzi. "Siku ya mazishi uje. Usiniache nisimame peke yangu."

"Nitakuja, mwendwa wangu. Nitasimama kando yako."

Alikuja kweli, hadi shambani kwao karibu na Runyenjes. Alivaa suti nyeusi na viatu vilivyong'aa, na kamera ikaning'inia shingoni. Kwake kuivaa kulikuwa kama kuvaa saa. Mchungaji alipomaliza na udongo wa kwanza ukaanguka juu ya jeneza, mama yake Ruguru alipiga magoti. Leso ikamvuka kichwani, mvi zikawa wazi mbele ya watu, mdomo ukafunguka na sauti isitoke.

Ruguru alinyoosha mkono pembeni kutafuta mkono wa Mutembei. Akapapasa hewa.

Mutembei alikuwa ng'ambo ya kaburi, upande wenye mwanga mzuri, akipiga picha.

Hakujiona mkosaji. Aliamini kwamba uchungu wa namna ile haufai kupotea bure, na alipoitazama picha kwake nyumbani, yeye mwenyewe alilia. Ruguru hakumuuliza alikokuwa. Alijiambia kwamba umati ndio uliowatenganisha.

Miezi ikapita. Ukumbi wa hoteli moja mjini Embu ukaandaa maonyesho ya picha za maisha ya watu wa mlimani, na Mutembei akapeleka kazi yake bila kumwambia mtu. Gachoki, mwandaaji, alimpigia simu kumpongeza: picha yake ilikuwa imeshinda zote. Mutembei akampigia Ruguru.

"Mpenzi, Jumamosi vaa vizuri. Kuna jambo nataka ulione, tena watu wote wakiwepo."

"Jambo gani hilo?"

"Nikikuambia, litakuwa jambo tena?"

Ruguru akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Karambu, mwenzake dukani, hakuwa na shaka. "Hiyo ni pete, wewe! Twende ukasukwe." Jumamosi Ruguru aliingia ukumbini na gauni la rangi ya zambarau, nywele mpya, hereni za mama yake masikioni. Watu wenye bilauri za juisi walikuwa wamesongamana mbele ya ukuta wa mwisho.

"Huyu mpiga picha ni hatari," bwana mmoja alikuwa akisema. "Ona huo mdomo!"

Wakampisha. Ruguru akamwona mama yake, mkubwa kama mlango, amepiga magoti kwenye udongo, mvi wazi.

Mutembei akaja mbio akitabasamu. "Umeiona? Imeshinda zote, Ruguru! Mama yako sasa..."

"Ulimuuliza?"

"Nilitaka iwe..."

"Ulimuuliza mamangu?" Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Siku ile nilitafuta mkono wako. Nilikuita uje ushike mkono wangu, Mutembei, wewe ukashika kamera."

Jukwaani Gachoki alikuwa akilitaja jina lake na watu wakipiga makofi. Mutembei akageuza kichwa, kidogo tu. Alipogeuka tena, Ruguru alikuwa anatoka mlangoni.

Mutembei alipiga simu, hazikushikwa. Alituma ujumbe, ukasomwa, usijibiwe. Aliiondoa picha ukutani, lakini ilikuwa imekwisha kuzagaa kwenye simu za watu. Mwishowe akaenda Runyenjes peke yake.

Alimkuta mama yake Ruguru akichuma kahawa. Mama alimtazama kitambo, akamketisha jikoni, akampa chai na nduma zilizochemshwa.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Hiyo picha nimeiona. Wamama wa kanisa walinionyesha. Sikujua nililia hivyo." Akamwongezea chai. "Niliona aibu, mwanangu. Sitakuficha. Lakini wewe hukumuua Nyamu wangu. Yamepita." Kisha akauliza, "Uko na picha yake akipiga ngoma?"

Mutembei alitafuta kwenye simu kwa muda mrefu. Nyamu alikuwa katika picha nyingi, ila kila mara nyuma ya Ruguru, hafifu kama mtu aliye kwenye ukungu. Hakuwahi kumlenga yeye hata mara moja. Akaonyesha iliyo afadhali, uso umemwiva.

Mama akaisogeza simu karibu. "Ni yeye. Hata mimi siku hizi namwona hivi hivi."

Siku iliyofuata Mutembei alimngoja Ruguru nje ya duka la dawa mchana. Ruguru akatoka na koti lake jeupe mkononi. Alikuwa amekonda.

"Mama ameniambia ulikuja," alisema.

"Amenisamehe."

"Najua. Hata mimi nimekusamehe."

Mutembei akapata nguvu. "Basi nataka kukuoa, Ruguru. Nitaleta wazee kwenu. Kamera naiuza leo leo, ukitaka."

"Ukiiuza utanichukia kabla ya mwaka kuisha." Akatikisa kichwa polepole. "Na macho utayauzia wapi? Si kamera iliyokutoa kando yangu. Mama anazeeka, Mutembei. Siku moja nitasimama tena pale shambani, na badala ya kulia nitakuwa nikiangalia wewe uko upande gani. Siwezi."

"Nakupenda."

"Nakupenda pia. Ndiyo maana nakuambia tukiwa tumesimama, mchana, bila kelele."

Kutoka ndani Karambu akamwita. Kulikuwa na mteja. Ruguru akavaa koti, akafunga vifungo.

"Mama amesema makadamia za shambani zikikomaa uende uchukue," alisema bila kumtazama. "Amekupenda, huyo mama. Uende siku ya kazi. Mimi nitakuwa huku."

Akaingia. Mutembei akamsikia akimuuliza mteja, kwa ile sauti yake ya kila siku, kama kikohozi chake ni kikavu au kina makohozi.