Baridi Isiyo na Umeme

Viyoyozi vya ghala la nyaraka vilizimwa Jumatatu. Ijumaa, ghala lilikuwa bado baridi.

Mkurugenzi alifurahi kama aliyeokota dodo chini ya mwarobaini. Mashine zile zilikuwa zikinguruma usiku na mchana ili karatasi za zamani zisioze, huku jenereta likitapika moshi uani. "Tumeokoa umeme, tumepumzisha hewa," alisema. "Kuta nene na matundu ya upepo, basi!"

Mtunza nyaraka, mama mcheshi asiyeweza kuupita mzaha, alikuwa na sababu nyingine ya baridi ile. Siku ya kuzima mashine alisimama katikati ya rafu akasema, "Ewe baridi, usiondoke. Kaa nasi ufanye kazi, ujira jichukulie mwenyewe." Wenzake, mkurugenzi akiwemo, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa anacheka?

Wiki iliyofuata ikaanza harufu ya udongo uliofukuliwa. Mchana kweupe, maboksi ya faili yalisikika yakivutwa rafu ya mwisho, kisha yakirudishwa taratibu, kama na mtu anayeipenda kazi yake. "Nani huko?" mtunza nyaraka aliuliza. Jioni hiyo alipofika nyumbani akamshika mkono kitinda mimba wake, mkono ulikuwa baridi kama chuma cha rafu, na blanketi, na uji wa moto, na dawa za hospitali alizopewa siku zilizofuata, na hata kifua cha mama yake aliyemkumbatia huku akilia na kumwomba Mungu, vyote havikuupasha joto.

"Mama," mtoto alinong'ona, "yule mfanyakazi wako ananishika."

Mama wa watu alikaribia kuzimia kwa hofu. Alimkimbilia shangazi yake, mpunga majini.

"Ulimwajiri kwa kinywa?" shangazi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilitania tu, shangazi."

"Wale hawajui utani, mwanangu. Kamwachishe kazi kwa kinywa hicho hicho. Na usimshukuru. Ukimshukuru atajua bado unamtaka."

Asubuhi walikwenda pamoja. Ubani haukufukizwa, maana ghalani moto ni marufuku. Shangazi alibaki mlangoni akisoma dua. Mtunza nyaraka aliingia, akapita rafu baada ya rafu huku maboksi yakitikisika kulia na kushoto, na harufu ya udongo ikimjaa kooni, na vidole vya baridi visivyo na mwenyewe vikimpapasa shavu kana kwamba vinambembeleza, mpaka akafika ukutani na kupiga kelele, "Kazi imekwisha! Ujira umekwisha! Toka!"

Kitu kikampita. Joto likarudi ghalani.

Simu yake ikalia. Ni binti yake mkubwa. "Mama, mdogo wangu anatoka jasho! Anataka kula!"

Akakaa sakafuni, akalia kwa furaha.

Mkurugenzi aliingia akijipepea. "Mmefanya nini humu? Kesho wageni wanakuja kujifunza kwetu!" Kisha akakumbuka kile kichekesho cha siku ile, akatabasamu, akazigeukia rafu.

"Bosi, usiseme!"

"Ewe baridi, rudi bwana," alisema akicheka. "Utakacho, chukua."

Rafu ya mwisho, boksi likavutwa taratibu.

Simu ya mkurugenzi ikaanza kuita. Alikuwa mkewe.